Jani la Mgomba

Mwezi wa saba, wiki ile ambayo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza lenacapavir itumike kuzuia HIV, mteja mmoja wa ng'ambo alinipa kazi: maneno mia nane, yawe tayari kesho. Alilipa, tena kwa wakati, jambo ambalo wenzangu wanaoandika kwa kuhesabiwa maneno watakubali ni la kushangaza. Lakini alikata aya nne. Zote zilikuwa za kapsidi. Aliniachia ujumbe pembeni: msomaji hataki kujua kirusi kimeundwa vipi, anataka kujua sindano inachomwa wapi na ni pesa ngapi.

Inachomwa tumboni, chini ya ngozi, mara mbili kwa mwaka. Pesa tutafika. Kwanza acha niseme habari ya kapsidi, kwa sababu kuna msomaji mmoja ambaye anataka kujua sana. Ninaishi naye hapa Kinoru, kwenye ploti ya mabati nyuma ya uwanja. Ana kirusi tangu azaliwe. Mimi sina. Na tunataka mtoto.

Nilisoma biokemia hadi mwaka wa tatu. Karo ikakwama, mkopo haukutosha, nikarudi Meru na begi moja na rundo la fotokopi. Watu huniuliza kama ile miaka ilipotea bure. Mimi huwajibu kwa kucheka tu. Lakini usiku stima ikipotea, huyu mtu wangu akiniuliza kitu kuhusu mwili wake, namchorea nyuma ya kadi yake ya kliniki, na hapo mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu tena.

Mchoro wa kwanza ulikuwa wa miraa.

Mjomba wangu alifanya hiyo biashara miaka mingi, na mtu yeyote wa huku anaijua. Miraa ikichumwa Igembe asubuhi, inafungwa, inaviringishwa kwenye jani la mgomba, inaingia gunia, na gari linatoka mbio kuelekea Nairobi. Ukisimama Makutano mchana unayaona yakipita, na kama una akili huvuki barabara. Haraka yote ni kwa sababu kathinoni, ile kitu inayomchangamsha mtafunaji, huanza kupungua jani likinyauka. Ndani ya siku mbili hivi unauza kuni. Kwa hivyo jani la mgomba, ambalo mnunuzi atalitupa chini bila kuliangalia, ndilo limebeba biashara. Ukilifungua Meru, umeharibu mzigo. Usipolifungua Eastleigh, hakuna atakayenunua.

Kirusi cha HIV kina jani lake la mgomba. Kwa nje kina utando wa mafuta ambao kimeuiba kwenye seli kilimotoka. Juu ya huo utando kuna vishungi vichache vya kushikia. Ndani kabisa kuna mzigo: nyuzi mbili za RNA na vimeng'enya vya kuzifanyia kazi. Mzigo huo haumwagiki ovyo. Umefungwa ndani ya koni, na koni imejengwa na protini moja tu inayojirudia mara 1,500 hivi. Hiyo ndiyo kapsidi. Maabara huiita p24, kwa sababu ya uzito wake.

Protini hizo hujipanga sitasita, pembe sita kila kikundi, kama vikundi 250. Lakini pembe sita peke yake haziwezi kufunga umbo. Zingeenea tu kama vigae vya sakafu. Ili umbo lijipinde na kujifunga unahitaji vikundi vya pembe tano, na idadi yake ni 12, haipungui wala haizidi. Huyu mtu wangu hakuamini. Nikamwambia aukumbuke ule mpira wa zamani wa mabaka meusi na meupe. Hesabu mabaka meusi. Ni 12, na kila moja lina pembe tano. Kanuni ya hesabu inayofunga mpira Kinoru Stadium ndiyo inayofunga kirusi chake. Alinyamaza kidogo kisha akasema, "Kwa hivyo nimebeba mipira." Nikamwambia ni koni. Akasema hata hivyo.

Koni hiyo haizaliwi koni. Kirusi kinapochipuka kutoka kwenye seli kinabeba protini ndefu iitwayo Gag, maelfu yake, zimejipanga chini ya utando kama mishale inayoelekea katikati. Kikiwa katika hali hiyo hakiambukizi. Ni lazima kimeng'enya fulani, ambacho mimi hukiita mkasi, kikate kila Gag vipande: kimoja kinabaki kushikilia utando, kimoja kinakumbatia RNA, na kile cha katikati kinajikusanya upya kuwa koni. Ni baada ya kukatwa huko tu ndipo kirusi kinaweza kumwingia mtu.

Sasa hapa ndipo nilipogundua kwamba alikuwa anaijua hii biolojia kabla yangu, ila kwa ulimi. Mama yake alifariki akiwa mdogo. Amelelewa na shosho wake huko juu kuelekea Kianjai. Dawa za kwanza zilipomshinda, daktari alimbadilishia akapewa ya maji, lopinavir, chupa zenye dawa ya rangi ya machungwa ambayo haina utamu wowote wa machungwa. Zaidi ya asilimia 42 ya dawa ile ni pombe. Ilikuwa chungu mpaka shosho anamfunga kwenye leso ndiyo ameze, halafu anampa kijiko cha asali. Ilitakiwa ikae mahali baridi na nyumba haikuwa na stima, sembuse friji, kwa hivyo chupa iliwekwa ndani ya mtungi wa maji kwenye pembe ya jikoni. Kazi ya lopinavir ni moja tu: inaukwamisha mkasi. Virusi vinaendelea kutoka kwenye seli lakini vinatoka na Gag ambazo hazijakatwa, bila koni, vimebeba mzigo ambao hauna jani. Nilipomweleza hivyo aliniangalia kama mtu aliyetumiwa barua iliyochelewa miaka kumi na tano. Shosho hakujua hayo, na bado hakukosa dozi.

Nirudi kwenye vishungi vya nje, kwa sababu ndivyo vinavyobisha hodi. Kila kirusi cha HIV kina vichache mno, kumi na vinne hivi au pungufu ya hapo, wakati kirusi cha mafua kina mamia. Kila kishungi ni protini tatu za gp120 zimekaa juu ya nyingine tatu za gp41, na karibu nusu ya uzito wa gp120 ni sukari. Sukari hiyo ni ya mwili wa mgonjwa mwenyewe, kirusi kimejipaka ili askari wa mwili wakiangalia waone mwenyeji. Kadiri mtu anavyokaa na kirusi ndivyo vishungi vinavyozidi kurefuka na kujipaka.

Lakini kwenye kuambukiza, mambo yanageuka. Mwaka 2004 watafiti walichapisha uchunguzi wa wapenzi wanane huko Zambia, mmoja alikuwa na kirusi na baadaye mwenzake akakipata. Walilinganisha virusi vya yule aliyeambukiza na vya yule aliyeambukizwa. Vilivyovuka vilikuwa na vitanzi vifupi kwenye gp120 na sukari kidogo, kana kwamba vile vilivyojipamba sana vilikwama mlangoni. Mwaka uliofuata, uchunguzi uliohusisha virusi vya aina ya A, ambayo ndiyo imeenea Kenya, ukaona jambo kama hilo. Na mwaka 2008 ikaonekana kwamba kwa wapenzi wa mke na mume, karibu mara nne kati ya tano, maambukizi yote ya mtu hutokana na kirusi kimoja tu. Mabilioni yanayokuja baadaye ni watoto na wajukuu wa kimoja.

Nilisoma hiyo takwimu saa nane usiku, simu ikiwa na bando ya kumalizia, yeye amelala upande wa ukuta. Kirusi kimoja. Kwa mwanafunzi ni jambo zuri, linamaanisha mlango ni mwembamba na mwembamba unaweza kuzibwa. Kwa mtu aliyelala pale pembeni lina ladha nyingine. Nilizima simu.

Niseme wazi kabla mtu hajanitumia ujumbe wa huruma: mtu mwenye HIV anayemeza dawa na virusi vyake vikawa havionekani kwenye kipimo, haambukizi mwenzake kitandani. Hiyo si imani ya kutiana moyo. Utafiti wa PARTNER kule Ulaya ulifuatilia wapenzi waliokuwa wakifanya mapenzi bila kondomu, mmoja ana kirusi ila hakionekani, na haukupata hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzake. Sababu ni rahisi ukishaelewa koni. Kidonge anachomeza siku hizi kina dolutegravir, ambayo inazuia jeni za kirusi kujibandika kwenye jeni za seli. Seli mpya hazigeuzwi viwanda, Gag hazitengenezwi, koni hakuna, na hakuna cha kuvuka mlango hata uwe mpana namna gani. Watu wa kliniki huku husema "niko LDL" kama vile mwingine anavyosema amepata kazi. Yeye amekuwa LDL tangu nimjue.

Halafu ikaja Januari 2025. Serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na sehemu kubwa ya fedha za HIV nchini Kenya zilikuwa zinatoka huko. Sitaingia kwenye siasa, zimeandikwa vya kutosha. Nitasema tu kilichotokea mezani kwetu. Dawa hazikukosekana, alipewa za muda mfupi kuliko kawaida, lakini alipewa. Kilichokosekana kilikuwa jibu. Alitolewa damu ya kupima wingi wa virusi, na jibu halikurudi. Mwezi ukaisha. Akaenda, akaambiwa arudi. Yule sista aliyekuwa anamfahamu kwa jina, anayemuuliza "mwanangu, shosho yuko salama?", hakuwepo tena, na aliyekuwepo alikuwa na foleni mpaka nje. Miezi minne.

Ukweli ni kwamba alikuwa anameza kidonge chake kila siku saa tatu usiku, nilikuwa namwona. Hakukuwa na sababu ya kudhani kitu kimebadilika. Lakini yeye ndiye aliyekataa. "Bila jibu sikugusi," akasema, na akahamia kwenye godoro la chini kama mgeni. Nikamwambia mimi ndiye mwenye mwili huu na mimi ndiye niliyesoma. Akasema hata mama yake alikuwa na mwili. Sikuwa na la kujibu hapo.

Kwa hivyo nikaanza PrEP ya vidonge. Hivyo navyo vilipimwa kwa watu kama sisi: wapenzi 4,747 wa Kenya na Uganda, kila wawili mmoja ana kirusi, kutoka miji kama Thika, Kisumu, Eldoret, Tororo na Mbale. Waliomeza mchanganyiko wa tenofovir na emtricitabine walipungukiwa na hatari kwa asilimia 75. Ni dawa nzuri. Ni kubwa, kichefuchefu cha wiki mbili za kwanza sitakisahau, na chupa yake inafanana kabisa na chupa ya ARV. Mama aliiona kwenye begi nilipoenda kumsalimia. Hakuuliza. Aliniwekea chakula kingi kuliko kawaida, na kwa siku tatu akanipigia simu asubuhi na jioni. Ilibidi nimweleze, na kumweleza kulihitaji nimtaje yeye, na kumtaja yeye hakukuwa kwangu kuamua. Hilo suala la chupa linawashinda wasichana wengi kabla hata dawa haijafika tumboni.

Ndiyo maana habari ya sindano iliponifikia niliisoma mara tatu.

Lenacapavir haigusi mkasi wala vimeng'enya. Inaishika kapsidi yenyewe. Kwa miaka mingi ilifikiriwa kwamba koni ikishaingia kwenye seli inavunjika hapo hapo getini na kuacha mzigo utembee wenyewe. Picha zilizotoka karibu 2021 zilionyesha kinyume: koni inasafiri karibu nzima, inapenya kwenye matundu ya kiini cha seli, na kufunguka ikiwa imefika. Jani linafika Eastleigh. Njiani, protini za seli yenyewe huishika kwenye kishimo kilicho kati ya kapsidi moja na jirani yake, na kuivuta ndani. Lenacapavir inakaa kwenye kishimo hicho hicho. Inazikaza kapsidi zishikane vibaya mpaka koni inakuwa ngumu na kupasuka, na hata isiyopasuka haipati wa kuivuta. Na ikikutana na kirusi kinachojengwa upya, inaharibu ujenzi. Kitu kimoja, hatua tatu. Tena inakaa mwilini miezi sita.

Jina la jaribio ni PURPOSE 1. Lilifanyika Afrika Kusini na Uganda, kwa wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25. Waliochomwa lenacapavir walikuwa 2,134. Walioambukizwa kati yao: 0. Kati ya 1,068 waliopewa vidonge kama vyangu, 16 waliambukizwa, hasa kwa sababu ya jambo ambalo kila msichana mwenye chupa begini analijua, kwamba kumeza kila siku ni kazi. Na waliopata mimba katikati ya jaribio waliruhusiwa kuendelea. Hiyo sentensi ya mwisho haikuwa kwenye aya zilizokatwa, lakini ndiyo niliyoisoma kwa sauti.

Inaniuma kidogo kwamba Kenya tuliwahi kuifukuzia p24 mapema. Tangu 1985 watafiti wa Nairobi na Manitoba waliwafuatilia wanawake waliokuwa wakiuza mwili Majengo, Pumwani. Baadhi yao walikutana na kirusi mara nyingi na hawakukipata, na baadhi yao walikuwa na seli za kinga zilizokitambua. Kutokana na mawazo hayo Nairobi na Oxford walitengeneza chanjo ya majaribio, HIVA, iliyojengwa juu ya vipande vya Gag vya aina ya A, p24 ikiwemo. Mwaka 2001 Wakenya wa kujitolea wakaanza kuchomwa. Kufikia 2004 ilionekana mwili hauipokei vya kutosha, mpango ukasimama. Protini ile ile. Wao walitaka kuufundisha mwili uitambue. Dawa mpya inaibomoa tu.

Pesa sasa. Marekani, ambako iliidhinishwa Juni 2025, bei iliyotangazwa ni zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka, kama shilingi milioni 3.6. Septemba yakatangazwa makubaliano kwamba ya nakala itauzwa dola 40 kwa mwaka katika nchi kama yetu, kuanzia 2027. Hiyo ni karibu shilingi 5,200. Dozi za kwanza zilizotua Afrika zilifika Zambia na Eswatini Novemba. Kenya imo kwenye kundi la nchi za mwanzo. Hapa Kinoru watu bado wanaiongea kama barabara iliyoahidiwa wakati wa kampeni. Mimi hufikiria wale wasichana wa Uganda waliotoa mikono na matumbo yao ipatikane hiyo sifuri, kisha bei ya kwanza kuandikwa ikawa ya kununulia ploti.

Jibu lake lilirudi mwezi wa sita. LDL. Alikuja nalo nyumbani badala ya kunipigia, ameacha kibanda chake cha kutengeneza simu na wateja wamesimama. Alirudisha godoro la chini kwa jirani siku hiyo hiyo.

Mimi nataka kuacha vidonge. Kwa sayansi sina haja navyo, na ninaisoma sayansi hiyo vizuri kuliko matangazo yaliyobandikwa ukutani pale kliniki. Yeye anataka niendelee mpaka jibu lijalo, na mimba ikiingia niendelee bado, na sindano ikifika Meru niwe wa kwanza kwenye foleni. Tumelizungumza hili mpaka limeisha maneno.

Juzi nilimweleza kitu kingine, nikitaka tu kubadilisha stori. Kondo la nyuma, lile linalomlisha mtoto tumboni, hujengwa kwa msaada wa protini iitwayo sinsitini. Asili yake ni kishungi cha kirusi cha zamani sana, jamaa wa mbali wa HIV, kilichoingia kwenye mbegu za mababu wa nyani na binadamu mamilioni ya miaka iliyopita na hakikutoka. Kazi yake ya kuunganisha kirusi na seli, mwili uliigeuza kuwa ya kuunganisha seli za kondo. Kila mtu aliyezaliwa alilishwa kupitia hapo.

"Hata wewe?" akauliza.

"Hata mimi."

Akachukua kadi ya kliniki, akaigeuza upande wa michoro, akatafuta mahali palipobaki nafasi. "Chora," akasema. Damu ya kipimo kijacho anatoa Jumanne.